Majaketi ya Maua

Jumatano, 4 Juni

Bosi kaninyima ruhusa! Makochi ya hakimu hayajakamilika, kwa hiyo Jumamosi mafundi wote kazini. Na mimi nimeshamwahidi mke wangu kwamba siku hiyo nampandisha mashua ziwani, yeye na watoto. Nilimwahidi mbele ya kaka yake, yule shemeji mwenye domo, aliyecheka mpaka chai ikampalia. Sirudi nyuma.

Ruhusa hutolewa kwa msiba tu. Nimeupitia ukoo mzima nikitafuta wa kufa. Mama mkwe anafaa: magoti yamemkatalia, hatoki nyumbani, na bosi hajui hata sura yake. Nikamwendea bosi na habari ya kifo, nikalia kidogo. Bosi naye machozi yakamlenga! Kasema niende nikamzike, na kwamba mwenye moyo kama wangu ndiye anayefaa kuwa msimamizi wa karakana. Jumatatu atatangaza. Mkasi, fundi mwenzangu anayeutaka usimamizi huo kwa udi na uvumba, amenuna kutwa nzima. Raha iliyoje!

Ijumaa, 6 Juni

Mwenye mashua anakodisha na majaketi ya kuelea, kwa bei ya kukomoana. Fundi makochi mzima nikodi jaketi? Nimeshona mwenyewe. Sponji nene ya kukalia, na kitambaa cha hakimu, chekundu chenye maua ya njano. Nilikata pembeni. Kisha katikati kidogo.

Jioni bosi akauliza kitambaa kimeliwa na nani. Nikamtazama Mkasi. Bosi naye akamtazama Mkasi. Sikusema neno! Bosi mwenyewe kesho hayupo, anakwenda kupima viti vya hoteli.

Mke wangu kamwalika mama yake. Mama mkwe kajibu kwamba magoti hayamfikishi hata mlangoni. Nikampa pole, moyoni nikishangilia.

Jumamosi, 7 Juni

Mungu wangu!

Tulianza vizuri. Mimi kwenye makasia, watoto wakiimba, sote tumevaa maua. Mke wangu alicheka kama enzi za uchumba. Katikati ya ziwa ikatujia mashua nyingine. Mpiga makasia alikuwa mwanamke, ametupa mgongo, anavuta kwa nguvu za ajabu. Nyuma, chini ya mwavuli, amejilaza mwanamume anatutazama. Bosi!

Nikajaribu kuinama. Jaketi la sponji haliinamiki. Bosi akavua kofia kwa heshima, akampa mke wangu pole kwa kufiwa na mama. Mke wangu akauliza mama yupi. Hapo mpiga makasia akageuka.

Mama mkwe!

Akasimama wima ndani ya mashua, kwa magoti yale yale, akauliza ni nani aliyekufa. Bosi akamtazama yeye, akanitazama mimi, kisha macho yakashuka kifuani mwangu na kutulia kwenye maua ya hakimu. Sikuona njia nyingine. Nikajirusha majini.

Sponji huelea, ndiyo. Kwa muda. Kisha hunywa maji! Ilinivuta chini kama gunia la saruji, nikajua safari hii msiba ni wa kweli. Mama mkwe ndiye aliyeninasa kola kwa kasia na kunivuta ndani ya mashua yao. Nikarudishwa ufukweni nimeketi kati yao, nachuruzika. Akataka kujua alikufa kwa ugonjwa gani. Nikasema presha. Akasema basi imempanda sasa hivi.

Mke wangu aliwapigia watoto makasia mwenyewe, hakugeuka kunitazama. Hilo liliniuma kuliko yote.

Jumapili, 8 Juni

Nimelala kwenye kochi. Mke haongei. Shemeji alikuja maalumu kucheka.

Mama mkwe kaeleza. Alikwenda karakana ya bosi, siku ambayo mimi sikuwepo, kuagiza kiti cha kupumzishia magoti. Bosi ni mgane, yeye mjane, wakapendana. Magoti yalishapona zamani, aliona haya tu kutuambia, wala bosi hakumwambia kwamba mimi ni mkwewe. Kumbe waongo tuko wengi, ila ninayenuniwa ni mimi!

Jumatatu, 9 Juni

Usimamizi kapewa Mkasi. Sijafukuzwa, kwa sababu marehemu aliniombea. Nimeshinda nikifumua majaketi, Mkasi amenisimamia kichwani.

Bosi sasa ni wa kumwita baba. Leo jioni alikuwa kwetu, mama mkwe akimtajia ukoo wote, nani yuko hai na nani hayupo. Bosi alisikiliza kwa makini sana. Sijui ya nini yote hayo.

Moyo wa mke wangu lazima niurudishe. Nimemwahidi Jumamosi ijayo nampandisha mlimani. Mkasi kasema hakuna ruhusa ila kwa msiba. Vizuri! Nimeshajua nilipokosea: nilimuua mtu aliye hai. Safari hii anakufa shangazi yangu. Sina shangazi, basi nitakutana naye wapi?