Jiwe la Marehemu Jørn

Jumatatu, 3 Machi
Viggo, mchonga mawe ya makaburi kule kisiwani Bornholm, analalamika. Majina yanayotoka kwenye programu yetu ya kuagizia mawe hapa Aalborg yanafika kwenye mashine yake ya kuchongea yameharibika: penye herufi zetu ø na å pana takataka. Mwenzangu Gorm kaniambia nimpigie Viggo simu, nimuulize mashine yake inasoma usimbaji gani wa herufi, yaani kila herufi inaitambua kwa namba ipi, basi, yaishe. Nimuulize? Mimi Ebbe, miaka kumi na tisa kazini? Ijumaa bosi wetu, Bi Regitze, anamteua mkuu wa kitengo. Mkuu haulizi! Nimeandika kiraka changu mwenyewe, kijiprogramu cha kuziba kasoro: kinavuruga herufi makusudi huku, ili zikifika kule zinyooke. Akili hiyo!

Jumanne, 4 Machi
Kiraka kimewashwa. Sikumwambia mtu. Viggo ameleta barua pepe ndefu. Sijaisoma, huwa anasimulia maumivu ya mgongo wake.

Jumatano, 5 Machi
Si mgongo. Alikuwa anasema amekwisha kurekebisha mashine mwenyewe. Rekebisho juu ya rekebisho! Marehemu Jørn Bækgård amechongwa “JÃ¸rn BÃ¦kgÃ¥rd”. Kwenye jiwe gumu la Bornholm! Mjane wake, Bi Ragnhild, amealika ukoo mzima Jumamosi kuliona kaburi. Alipiga simu. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoumia. Aliuliza tu mume wake analala chini ya jina la nani. Nililia kidogo, jikoni pa ofisi, nikijidai nakata keki. Hapa kazini aliyeboronga huwaletea wenzake keki. Hii ni yangu ya nne tangu mwaka mpya.

Alhamisi, 6 Machi
Gorm kampigia Viggo. Dakika nne! Kiraka changu kikazimwa, jiwe likageuzwa, likachongwa upya upande wa pili. Bi Ragnhild ametuma salamu: takataka za nyuma zisifutwe, Jørn alizoea kuzicheka kompyuta, mwacheni acheke. Nilishusha pumzi, kisha nikaona aibu upya.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu ni Gorm. Nilimpigia makofi kwa vidole viwili. Agizo lake la kwanza: tumepata mchongaji mwingine, kule Poland, nisitume jina lolote kabla ya kumuuliza usimbaji wake. “Ebbe, kaka, uliza tu, hutaumwa na mtu.” Nikaapa. Swali nimeliandika vizuri kabisa. Sijalituma. Herufi za Kipoland zina vimkia vichache tu, nani asiyevijua? Kiraka kipya kilikamilika kabla ya chakula cha mchana. Jiwe la kwanza linachongwa sasa hivi.