Kiti Nilikileta Mwenyewe

Jumatatu, 6 Juni 1960

Leo Fatuma amesema mbele ya watu kwamba Albertine atoke. Atoke! Chama chetu cha akina mama, cha misiba na harusi, kina nyumba moja hapa Kasongo. Chumba kimoja ni stoo ya sufuria kubwa na mikeka. Cha pili analala Albertine, analinda. Fatuma anakitaka kiwe duka la mkwe wake.

Albertine ni mke mwenzangu. Alikuja kutoka Kabambare na kikapu kimoja na midomo kumi. Tumegombana tangu siku ile, na mzee tukamzika pamoja. Hana mtoto, hana ukoo huku. Kwangu hataki kukaa, anasema nakoroma na kuamrisha. Lakini anayemgusa amenitia kidole jichoni.

Nitakuwa mkubwa wa chama. Tuone nani atamtoa.

Shule siijui. Herufi za Kiarabu, hizi ninazoandikia hapa, alinifunza mzee macho yake yalipoanza kufa, apate wa kumsomea barua. Fatuma hawezi kuzisoma. Vizuri sana.

Jumatano, 8 Juni

Gaston, karani wa teritwari, ofisi ya serikali, amekuja kutueleza uhuru. Mji mkuu, Léopoldville, kutakuwa na wakubwa wawili. Mkubwa wa Inchi, yaani rais, atachaguliwa. Atakaa, atapokea wageni, atatia sahihi. Chini yake kuna premye, ndiye wa kazi. Fatuma akauliza mara tatu kama kweli yule wa juu hana neno lake. Gaston akasema ana heshima. Mimi nilishika lile neno moja tu: wa juu.

Fatuma akasema na sisi tupange vilevile, tusionekane watu wa porini. Nilipiga makofi kuliko wote. Mjinga yule! Amenifungulia mlango mwenyewe.

Ijumaa, 10 Juni

Nimepika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese na karanga, nimezungusha nyumba kwa nyumba. Marcelline naye anataka ukubwa. Hata kwake nilipeleka! Watu wake walikula, wakaramba sufuria, wakasema watafikiri. Wafikiri nini na sombe yangu iko tumboni mwao?

Ajabu, Fatuma hagombei. Anazunguka kunisifu, eti nina sura ya inchi. Ameniogopa. Nilimhurumia kidogo. Albertine akaanza kusema kwamba mtu anayetaka chumba chako halafu anamsifu ndugu yako... Nikamwambia anyamaze, ale.

Jumapili, 12 Juni

Nimeshinda! Kila mama alitia kokoto kwenye sufuria ya anayemtaka. Yangu ilijaa. Ya Marcelline ilikuwa na kokoto moja, nadhani yake. Vigelegele! Nikaitwa Mwenye Kiti.

Nikauliza kiti kiko wapi. Fatuma akajibu kwamba mwenye kiti ni mtu mwenye kiti, basi akilete. Nikaenda nyumbani, nikakibeba kile cha mzee kichwani, jua kali, Mkubwa wa Inchi mzima. Nikakiweka, nikakaa, nikadai ufunguo wa stoo. Wakasema ufunguo ni wa premye. Premye ni nani? Fatuma! Kamati ya chama ilimchagua nilipokuwa njiani na kiti.

Jumanne, 14 Juni

Kazi zangu: kuamkiwa wa kwanza, na kuonja chakula cha msiba kabla ya wengine bila kusema chumvi imezidi. Ilizidi. Nilisema. Nimekatazwa.

Asubuhi nilifanya ujanja. Nikaweka kiti mlangoni mwa stoo, nikakaa, Fatuma asipite. Wakaja akina mama wanne wakiimba, wakakinyanyua na mimi juu yake, wakanipeleka kivulini. Kwa heshima! Nikawapungia mkono. Ungefanya nini?

Alhamisi, 16 Juni

Kamati imekata shauri. Albertine atoke Jumamosi. Fatuma alikuja na adabu zote, Mama Mkubwa huku, Mama Mkubwa kule. Eti neno ni la kamati, mdomo ni wangu. Lisipotoka kwangu halina nguvu. Nikasema sitamki hata nikatwe ulimi. Akasema haina shida, Marcelline yuko tayari, na kiti chake kina pa kuwekea mikono.

Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Nikiacha kiti, nani atamlinda Albertine? Lazima nibaki. Kwa ajili yake.

Jumamosi, 18 Juni

Nimetangaza. Uwanja umejaa, mimi nimejifunga kikwembe kipya. Sauti ilitoka safi, hata wa nyuma walisikia: tangu leo Albertine si mtu wa nyumba hii.

Alisimama mbele yangu. Hakulia. Aliuliza tu kama hicho nilichokalia ni kiti cha mume wetu.

Nikashuka, nikabeba godoro lake kichwani. Fatuma akasema Mwenye Kiti habebi mizigo. Nikamwambia abebe ulimi wake. Nimempa Albertine kitanda changu, mimi niko mkekani. Nimemchinjia jogoo. Hakugusa. Nikamfokea ale, nikalia, nikamfokea tena. Amegeukia ukuta.

Jumanne, 28 Juni

Keshokutwa ni uhuru. Watu wanapaka nyumba chokaa. Leo Fatuma ameniletea kitambaa chekundu cha kuvaa begani. Kamati imeona niwe Mwenye Kiti wa maisha. Wa maisha! Hata Léopoldville hawajafika huko. Nilikubali kabla hajafunga mdomo. Akatazama nyumba yangu, akapima ukuta kwa macho, akasema ni mahali pazuri, karibu na soko. Nikamshukuru. Alipoondoka nilivaa kitambaa, nikazunguka nacho uani.

Albertine hajanisemesha tangu siku ile. Leo ameniita yaya, dada mkubwa, kama zamani. Nikafurahi, nikakaa karibu naye. Akaniuliza, siku watakapoitaka nyumba hii, nani atatangaza?

Swali gani hilo! Mimi. Nani mwingine ana ruhusa?