Nukta ya Penalti Niliyoisogeza

Ijumaa, 3 Juni

Kesho kocha wa timu ya mkoa anakuja kumtazama shemeji, kaka wa mke wangu. Fundi wa kuchomelea, kipa wetu, na umri unaanza kumtupa mkono. Ni kesho au basi tena. Mimi mtunza uwanja nachora mistari ya chokaa tu, sisifiwi na mtu. Nimeona nisaidie. Wageni huanza kulinda goli la upande wa choo, ndiyo desturi yetu. Nimesogeza nukta ya penalti ya pale hatua mbili karibu na goli. Tukitangulia kufunga, shemeji hutulia. Mapumziko timu zitabadilishana magoli, nami nitairudisha. Kichwa changu kinachemka!

Jumamosi, 4 Juni

Kipindi cha kwanza, hakuna penalti. Mapumziko nikashika ndoo ya chokaa. Mama mkwe akaniita: jua linamchoma, nihamishe kiti chake. Mkwe haambiwi subiri. Nikahamisha kiti. Akataka maji. Akataka mto. Refa akapuliza filimbi ya kipindi cha pili.

Penalti, dhidi yetu! Mpira ulikuwa wavuni kabla shemeji hajakunja goti. Kocha wa mkoa akafunga daftari. Nilijificha nyuma ya tangi la maji. Aibu, aibu tupu.

Jumapili, 5 Juni

Chakula kwa mama mkwe. Wote wanamsema shemeji kwa uzito wake. Mama mkwe kasema afadhali mimi, nilimtunza vizuri. Shemeji akaninong'oneza kwamba ule mpira hakuuona kabisa. Kesho anakwenda kupimwa macho.

Jumatano, 8 Juni

Macho mazima. Sasa shemeji anaamini tatizo ni woga, na amegawa glavu zake. Nilishindwa kuvumilia. Nikaenda karakana, nikamwambia yote. Akashusha kinga ya uso, akachomelea geti zima. Kisha akaivua.

"Jumamosi kocha anarudi kumtazama beki wetu," alisema. "Nitamwomba anitazame na mimi. Wewe chora mistari tu, shemeji. Kama inavyotakiwa."

Hakunitukana hata kidogo. Nililia njia nzima. Nimeapa.

Ijumaa, 10 Juni

Kiapo nimekitunza. Mistari nimeipima kwa futi kamba mara mbili. Nukta zote ziko mahali pake. Mama mkwe nimemwekea kiti kivulini mapema, kwa hiyo lile kosa halitarudi.

Ila mtu aliyemharibia shemeji yake hawezi kukaa tu. Goli ambalo shemeji ataanza kulilinda kesho nimeliona pana mno. Nguzo ya kulia nimeing'oa, nikaisogeza ndani futi moja. Nguzo si mstari. Mwamba wa juu umechomoza kidogo, nimeutundikia koti langu.

Kuing'oa na kuichimbia upya kumenichukua saa nzima. Mapumziko ni dakika kumi na tano. Nitaharakisha.