Haki za Mwenzangu Asiyekuwepo

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya Meli za Matembezi.

Ndugu Meneja,

KUHUSU: KITANDA CHA PILI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na umeketi, maana ni ndefu kidogo.

Mimi ni msomaji wa prufu, zile kurasa za majaribio, katika kiwanda kinachochapa vitabu vya shule. Kati ya meza yangu na mitambo pana ukuta wa mbao nyembamba, na kazi yangu ni kulikamata kosa kabla halijawafikia watoto. Nyumbani nalala chumba kimoja na mama yangu: vitanda viwili, feni moja. Mama ni fundi cherehani. Akishazima taa huanza kunihoji: mbona kimya, nawaza nini, nimekula? Nimefika umri wa kutaka siku chache ambazo hakuna atakayeniuliza nawaza nini. Ndiyo maana nikatafuta safari ya meli, ile ya kula, kulala na kutazama maji, kwa bei inayolingana na mshahara wangu.

Nilitafuta kwa moyo mkunjufu. Nilikubali majira ya mawimbi. Nilikubali chumba cha ndani kisicho na dirisha. Nilikubali hata ghorofa ya chini, jirani na injini, nikajiambia mitambo nimeshaizoea. Hatimaye nikaliona tangazo lenu kwenye kioo cha duka la picha: "Ponda raha majini kwa bei poa! Mwenzako analipa nusu!" Nikaja ofisini kwenu siku hiyohiyo. Karani wako, kijana mpole mwenye tai fupi, akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikamwambia niko peke yangu. Akaniangalia kama mtu aliyefiwa, akasema, "Pole, dada. Basi utalipa yako na ya mwenzako."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Neno "mwenzako". Katika lugha yetu mwenzako anaweza kuwa mume, mtu mnayefanya kazi pamoja, aliye mbele yako kwenye foleni, hata jirani anayekuazima chumvi. Nilimwuliza karani mnamkusudia yupi. Akajibu, "Yeyote tu, dada, ilimradi yupo." Shangazi yangu, ambaye kila tukionana huniuliza mwenzangu yuko wapi, hajawahi kulegeza masharti kiasi hicho.

2. Nimelipa. Nililipa kwa hasira, lakini nililipa nafasi mbili. Kwa hiyo melini kutakuwa na abiria wa pili, halali kabisa, ambaye kosa lake pekee ni kutokuwepo. Naomba ahudumiwe. Sahani yake ipangwe mezani, na akichelewa isiondolewe.

3. Apewe jaketi la kujiokolea, pamoja na nafasi kwenye mashua ya dharura. Nilipolitaja hili karani alicheka akasema, "Huyo wako hazami, dada." Sioni kama ni adabu kumfanyia mzaha mteja ambaye hajachelewesha malipo.

4. Tangazo lenu linasema mwisho wa safari huchaguliwa abiria bora, naye hutunukiwa safari nyingine ya bure. Nampendekeza mwenzangu. Hatachafua shuka, hatagombania kiti cha kivulini, hatalalamikia supu. Nani atamshinda? Akishinda, naomba aruhusiwe kusafiri bila mimi. Kwa mujibu wa utaratibu wenu, itabidi atozwe nafasi yangu, na safari hiyo mimi ndiye nitakayekuwa nimelipiwa na sipo. Naona hii ndiyo njia pekee ya haki ya kurudisha fedha zangu, nami nimeipitia mara kadhaa bila kukuta kosa.

5. Karani alinishauri, kwa nia njema, nimchukue mama. "Kwani mama hayupo?" aliniuliza. Sijawahi kuchokozwa kwa upole namna ile. Ndugu Meneja, mama yupo. Yupo mno. Mama hukoroma. Mama huongea na nguo anazoshona na kuzigombeza zisipokaa sawa mabegani. Nikimchukua mama nitakuwa nimeking'oa chumba chetu na kukitia majini. Naomba basi uthibitisho wa maandishi kwamba kitanda cha pili kitabaki kitupu: asiwekwe mtu, usiwekwe mzigo, wala lile taulo la kwenye tangazo lenu, mnalolikunja kama bata. Utupu huo nimeulipia, na sikumbuki kitu kingine nilichowahi kukitaka hivi.

Nasubiri jibu lako kwa heshima na kwa subira, ingawa subira ndiyo inayopungua.

Nisalimie karani na tai yake, kapteni, wapishi, na fundi wa injini, jirani yangu mtarajiwa.

Mimi, abiria mmoja aliyehesabiwa wawili,
Msomaji wa prufu

Baada ya kusaini: Prufu zote huzisoma kwa sauti ili nisikie sentensi inapochechemea. Barua hii nimemsomea mama. Amesikiliza mpaka mwisho, pini mdomoni, hata kwenye namba 5. Kisha akazitoa pini moja moja, akasema, "Mwenzangu, hicho kitanda kiko upande gani wa mlango?" Neno hilo huwaambia wateja wake wa miaka mingi na jirani anayetuazima chumvi. Mimi hakuwahi kuniita hivyo.

Kwa hiyo tafadhali futa namba 5 yote. Sahani ya namba 2 ibaki, ila hatachelewa. Jaketi liwe la mtu mzima, pana mabegani. Taulo la bata liwekwe; atataka kulifumua aone lilivyokunjwa. Na kama vitanda vyenu havikupigwa misumari sakafuni, naomba chake kisogezwe karibu na changu. Nachelea mngurumo wa injini usije ukanizuia kumsikia.