Nyonga ya Simenti na Mbuzi wa Rachida

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimerudi Palma kutoka Pemba, mgongo umehesabu mashimo yote ya barabara. Lakini dotora Belmira, daktari wa mifupa, kakubali! Tarehe 29 nabadilishiwa nyonga ya kushoto. Nyumba ya binti yangu Awa imeishia kwenye linta, juu ya milango, bila paa, tangu turudi kutoka ukimbizini. Yeye na watoto wanalala chini ya turubai. Mwashi ni mimi, na kwa nyonga hii jukwaani sipandi. Mvua hazitaningoja.

Dotora kasema chuma hushikishwa kwa njia mbili. Ama kwa simenti maalumu inayojaza nafasi kati ya chuma na mfupa. Inakauka daktari akiwa bado mezani. Ama chuma chenye ngozi ya msasa kinapigwa kikabana, kisha mfupa unaota juu yake polepole. Zote hudumu miaka. Hali ya mfupa ndiyo huamua. Nikamwambia mfupa usisumbuliwe, fundi simenti yuko mbele yake. Akacheka. Akataka jambo moja tu: nije na ngozi nzima. Kidonda chochote, wadudu wake wanaweza kukifuata chuma kipya.

Rahisi. Nani anajichubua?

Alhamisi, 7 Agosti

Jirani yangu Bernardino, seremala, Mmakonde wa Diaca na mtani wangu, alibadilishiwa nyonga mwaka jana. Bila simenti. Tangu hapo anapitapita mbele ya baraza yangu bila bakora, eti anatafuta msumari. Leo kaniuliza kama ubongo wangu nao umepigwa lipu. Nikamjibu kinachopigwa nyundo kikabana ni kabati, si binadamu.

Tumekubaliana kupimana. Vigingi viwili uani kwangu, changu kwa simenti, chake bila. Jumapili ya tarehe 24, akitoka kanisani, mbuzi wa mke wangu Rachida atavivuta. Rachida hajaulizwa. Picha ya ushindi itakwenda kwa dotora kwa WhatsApp.

Bernardino kaleta kijiti kibichi cha mzunze! Nikapinga. Akasema mfupa nao ni kitu hai, naogopa nini. Kashindilia udongo, kaenda zake. Changu ni mninga mkavu, kokoto safi. Kazi ya kupigia picha.

Jumatano, 20 Agosti

Mzunze umechipua. Vijani viwili vitatu, vya kijani, vya dharau. Bernardino kavichungulia kama baba wa mapacha.

Kigingi changu hakitikisiki, nimejaribu kwa mikono. Lakini hakichipui pia. Sijalala.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimepata dawa! Simenti niliyotia ilikuwa kidogo. Nimevunja zege lote kwa sululu, nimemwaga jipya, zito kama uji wa arusi. Rachida akasema lile la kwanza lilikuwa limeshakomaa, na hili la leo halitakuwa tayari kesho. Nikamkumbusha simenti ya dotora hukauka akiwa bado mezani. Akauliza kama dotora naye hununua dukani kwa Abdulcarimo.

Kukatishana tamaa tu.

Jumapili, 24 Agosti

Mbuzi alifungwa kwanza kwenye mzunze, akavuta, akachoka, akala majani yote. Kijiti hakikusogea.

Zamu yangu. Mbuzi akaona muhogo wa jirani. Kigingi kikang'oka na donge lake, likaburutwa nyuma ya mbuzi. Mimi nilikuwa njiani. Muundi wa kulia umechanika. Bernardino alinishika nisianguke, akasimama imara kwenye nyonga yake. Hilo ndilo lililouma zaidi.

Nitavaa suruali ndefu.

Jumamosi, 30 Agosti

Jana Pemba. Dotora alinipandisha suruali.

"Mzee Buanali, hiki nini?"

"Mbuzi, dotora."

Kanirudisha nyumbani hadi Oktoba, kidonda kipone. Halafu, bila hata kuulizwa, akasema kwenye picha ya eksirei mifupa yangu ni mizuri, atanifungia bila simenti. Kama ya Bernardino!

Awa alinisindikiza. Tulipofika kwake akanionyesha juu kwa kidole.

"Baba, turubai limechanika upande wa watoto."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Oktoba si mbali. Nikalala macho wazi, nikawaza.

Alfajiri nimegundua kosa liko wapi. Ni mbuzi. Mbuzi hana akili ya majaribio. Nimeshamwaga zege jipya. Kesho nitavuta mwenyewe.

Mguu mmoja wenye ngozi nzima ninao.