Bibi kwa Herufi Kubwa

Jumatatu, 4 Machi
Namshukuru Mungu kwa akili aliyonijalia. Bosi analalamika kuwa seva, ile kompyuta kubwa ya kutunzia picha za wateja, imejaa pomoni. Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, akakohoa ili aseme neno. Nikamwahi! Nitaandika programu ilinganishe majina ya faili. Yakifanana, moja ibaki, nyingine ifutwe. Cheo cha mkuu wa kitengo kiko wazi. Kile kiti kimeumbwa kwa kiuno changu.

Jumanne, 5 Machi
Programu tayari. Kwenye kompyuta yangu imekwenda kama maji. Miwani akaja kunitia kiwingu. Eti kompyuta yangu haitofautishi herufi kubwa na ndogo, lakini seva inatofautisha: kwake “Bibi” na “bibi” ni faili mbili. Eti nifungue picha zenyewe kwanza. Wivu tu! Mimi nageuza majina yote kuwa herufi ndogo, kisha nalinganisha. Usawa kwa wote.
Mke wangu kauliza: pacha wakipewa jina moja, nitamrudisha mmoja hospitali? Simwelewi mwanamke huyu.

Jumatano, 6 Machi
Nimeifungulia kwenye seva. Nafasi tele! Bosi kanipigapiga bega. Asante, Mola.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Mpiga picha za harusi kaja na mama wa bibi harusi. Albamu ikafunguliwa. Bwana harusi yupo. Keki ipo. Bibi harusi hayupo! Kumbe mpiga picha aliandika “Bibi” kwa nyanya mtu, na “bibi” kwa bibi harusi mwenyewe. Programu imembakiza ajuza. Kila ukurasa, bwana harusi na ajuza.
“Nimemzaa, nimemlea, nimemwoza,” mama akasema, “wewe umemfuta?”
Nikajibu kwamba nyanya katoka vizuri. Ulimi hauna mfupa. Mama akaanza kulia. Binti kishasafiri na mumewe, na harusi hairudiwi kwa ajili ya picha. 
Miwani akainuka, akachomeka diski yake. Alikuwa amenakili seva nzima kabla sijafungulia programu. Bibi harusi huyo, anacheka, meno yote nje! Mama akazidi kulia, sasa kwa furaha. Mimi je? Kwikwi tupu. Nilimkumbatia Miwani hadi fremu ikapinda.

Ijumaa, 8 Machi
Sijawahi kushukuru hivi. Yule mama kaniombea msamaha, sikufukuzwa. Cheo kapewa Miwani, na ni halali yake. Mke wangu anasema asante ya mdomo haitoshi, nimtendee jambo.
Kweli kabisa! Nimeichungulia diski yake: imejaa hadi kooni. Tena kila kilichomo kipo pia kwenye seva, jina kwa jina. Maskini, mtu mwema hivi anabanana bure! Ametoka kwenda kula. Nimeichomeka kwenye seva, nimefungulia programu.
Atafurahije akirudi!