Kamongo wa Masese Katika Vita vya Kona ya Kivuli

Sogeeni, enyi watu wa Migori, nanyi mliofika kutoka Homa Bay msijitenge. Mwenye chungu jikoni akiepue kwanza, maana habari hizi ni nzito na sitaki kukatizwa kwa sababu ya maharagwe. Nawasimulia siku ile, katikati ya miaka ya tisini, ambapo Masese, simba wa cherehani, mpiga pindo asiyetetereka, shemasi wa kanisa na baba wa watoto wanaomheshimu kiasi, aliitazama kadi moja ya chingamu tangu asubuhi hadi jua kukaribia kuchwa, na dunia yote, yaani veranda moja yenye mafundi wawili, ikageuka.

Ikumbukwe kwamba ndani ya duka lenye veranda hiyo mwenye nyumba alijaza magunia ya mahindi, akakodisha veranda peke yake. Na veranda ile ilikuwa na kona moja tu yenye kivuli mchana kutwa. Kwingine kote jua lilipiga bila haya. Katika kona hiyo alitawala Wangwe, mwana wa Kegonga, mfufua redio, bwana wa waya na risasi ya kuchomelea. Masese alikaa juani, na kitambaa chake pamoja naye.

Hapo ndipo palipouma. Mwaka uliotangulia kwaya ya kanisa ilisimama mbele ya makambi, ule mkutano mkubwa wa kanisa wa kila mwaka, ikiwa imevaa sketi alizoshona yeye, bluu upande mmoja na upande wa pili rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimelala juani wiki nzima. Bonareri, kiongozi wa kwaya, hakupaza sauti. Alileta kitambaa kipya cha mwaka huo, akakiweka juu ya cherehani, akasema kikipauka tena kwaya itatafuta fundi mwingine. Makambi yalikuwa yanakaribia, na Masese alikuwa hali akashiba.

Je, kona iligawanywaje? Kwa kadi, waungwana. Kadi za wanyama zilizokuja ndani ya chingamu, ambazo mafundi hawa wazima, wenye ndevu, walizikusanya kwa kutafuna mpaka taya zikawauma. Kila kadi ilikuwa na mnyama, na chini yake uzito wake, mbio zake na muda anaoweza kukaa bila kula. Mfalme hakuwamo wala malkia, kwa hiyo, kama Masese alivyowafafanulia wazee wa kanisa, hizo si karata. Ni somo la uumbaji. Wazee walimtazama kwa muda, wakaendelea na ajenda.

Vita vilipiganwa kila Ijumaa alasiri. Kila mmoja alishika kadi tano, wote wakalaza moja kifudifudi, kisha mwenye zamu akataja kipimo: uzito, mbio au njaa. Mwenye namba kubwa alishinda, na zamu ikawa yake. Ushindi wa tatu ulichukua kona kwa wiki nzima. Kwa heshima, aliyekaa juani ndiye aliyetaja kwanza. Na jua likizama kabla ya mshindi kujulikana, kona ilibaki kwa mwenyewe, kwa kuwa Sabato huanza Ijumaa jua likizama, na shemasi hachezi ndani yake.

Sasa, asubuhi ya Ijumaa hiyo Wangwe alimwambia Masese, kwa upole wa kutia shaka, kwamba yuko tayari kumpa Nyati wake, Nyati mzima mwenye pembe, iwapo naye atapewa kadi ya Kamongo. Masese akashtuka. Kamongo? Samaki wa matope, uzito wa kuku, mbio hana? Kila Ijumaa alimweka mpaka mwisho, jinsi mtu anavyobakiza mnofu wa samaki pembeni mwa sahani, na kila Ijumaa Wangwe, mwenye zamu, alitaja uzito na kumkanyaga kwa Ndovu. Adui anamtakia nini?

Basi shujaa wetu akaweka kadi juu ya meza ya cherehani, akaweka kidevu juu ya ngumi, na mguu ukaacha kukanyaga. Wateja walikuja wakaondoka. Mama mmoja aliyefuata zipu ya suruali aliambiwa arudi Jumapili. Masese aliona njaa ya Kamongo, miaka minne, akaikagua kama jenerali anayekagua jeshi la mtu mmoja. Hakuna kadi iliyoifikia, hata Mamba. Lakini njaa hushinda pale tu inapotajwa, na inatajwa na mwenye zamu, na mwenye zamu wa kwanza ni nani?

Ni yule wa juani.

Alisimama ghafla, kichwa kikagonga boriti, akaketi tena. Kumbe mjinga ni yeye. Huyu si wa kumaliza vita, ni wa kufungua lango! Kamongo akitangulia, zamu haimtoki Masese, na mwenye zamu hutaja anachotaka. Wiki zote zile alikuwa amemzika mlinda lango kwenye ghala.

Tatizo lilikuwa moja: alipoinua macho, jua lilikuwa limeshuka mno. Caren, binti wa Mbita, muuza omena, dagaa wa ziwani, wa pale mbele na mwamuzi wa vita hivi, alimwambia, "Shemasi, mimi nafunga. Jua likigusa bati la posho mill, mmekwisha."

Wakaketi. Masese akalaza Kamongo na kutangaza, "Jirani, mimi niliyechomwa nataja njaa." Wangwe akafunua Ndovu, na Ndovu akaanguka. Masese akalaza Duma, akataja mbio, akashinda tena. Hapo Wangwe akakumbuka jua. Akafuta miwani. Akafuta kadi. Akaanza kusimulia fahali wa mjomba wake wa Kegonga, tangu ujana wa fahali yule. Jasho likamtoka Masese, maana alimpenda Mungu na aliipenda kona, na alijua angemtii nani.

"Omera, ndugu yangu, laza kadi," akasema Caren. "Fahali atakungoja."

Wangwe akalaza. Masese akalaza Chui, akanong'ona, "Mbio." Wangwe akafunua Nyati, na Chui akampita. Naam, Nyati yule yule. Caren akasema imekwisha, na jua likagusa bati la kinu kile cha unga.

Wangwe akacheka, akamshika mkono. "Shemasi, mimi nilikuonea huruma tu. Nilitaka angalau uwe na mnyama mmoja mzito."

Masese alikikunja kitambaa cha kwaya, akakihifadhi, akajua kwamba Jumapili kitaamkia kivulini. Cherehani hakuihamisha, kwa kuwa Sabato ilikuwa imeingia na hiyo ni kazi. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kungoja. Akaenda taratibu, mikono mitupu, akaketi katika kona aliyoililia mwaka mzima.

Caren alikuwa anajitwika karai. Akamtazama, akaitazama barabara, soko na mji wote uliokuwa umeshaingia giza jepesi.

"Umeshinda," akasema. "Lakini sasa, shemasi, Migori yote ni kivuli."

Masese akavuta pumzi, akaegemea ukuta. "Ndiyo," akajibu. "Lakini hiki ni changu."

Na iandikwe hivyo.